Waya wa Chaja: Kuupima, Kuuchagua na Kuutunza kwa Mtu wa Tanga

Simu ikikataa kuingiza chaji, wengi wetu tunaanza kulaumu betri. Tukichoka na betri tunalaumu umeme, kisha tunaibeba simu hadi kwa fundi Ngamiani tukiwa tumeshajiagulia wenyewe kwamba sistimu ya chaji imekufa. Waya unakumbukwa mwisho, na ndio unaokunjwa, unaovutwa, unaokanyagwa na kulaliwa kila siku, tena hapa kwetu unakaa kwenye hewa ya chumvi usiku na mchana. Mwongozo huu unageuza mpangilio huo: anza na waya, malizia na fundi. Utahitaji tochi, kijiti cha meno, simu ya pili ya kuazima na muda wa nusu saa.

Jua kwanza ulichoshika

Chaja ina sehemu mbili. Kuna kichwa, kinachochomekwa ukutani na kushusha volti 230 za soketi ziwe 5, au 9 na kuendelea kwa chaja za haraka. Halafu kuna waya, unaotoka kwenye kichwa kwenda kwenye simu. Kimoja kikifa si lazima kingine kife nacho, kwa hiyo muuzaji akikwambia ununue chaja nzima, muulize kwanza amepima nini.

Upande wa simu utakutana na midomo ya aina tatu. Maikro ni ile yenye upande mmoja mpana na mwingine mwembamba, inayoingia kwa namna moja tu. Ilitoka 2007, na bado ipo kwenye simu ndogo, redio, spika na powabenki za zamani. Taipu C ina mviringo pande zote na huingia vyovyote utakavyoishika; vipimo vyake vilitangazwa 2014. Ya tatu ni Lightning ya iPhone, iliyoanza na iPhone 5 mwaka 2012 na kuishia iPhone 14. Kuanzia iPhone 15 ya mwaka 2023, Apple nao wamehamia Taipu C. Umoja wa Ulaya umelazimisha simu mpya zinazouzwa kwao ziwe na Taipu C tangu 28 Desemba 2024, kwa hiyo ukinunua waya mzuri leo, nunua wa Taipu C. Maikro iache kwa vifaa ulivyo navyo tayari.

Ukiupasua waya wa kawaida wa USB utakuta nyaya ndogo nne: nyekundu na nyeusi za umeme, kijani na nyeupe za data. Nyaya nyingi za bei ya chini, hasa zile zinazokuja na tochi, spika na powabenki, zina nyekundu na nyeusi tu. Hizo zitachaji simu, lakini kompyuta haitaiona simu hata ukeshe.

Kuna fumbo moja linalowasumbua watu sana siku hizi. Umenunua tochi au redio yenye tundu la Taipu C, unaichomeka kwa waya wenye Taipu C pande zote mbili, na haichaji. Ukitumia waya wa zamani wenye USB ya mstatili upande wa kichwa, inachaji vizuri. Tochi si mbovu, na waya si mbovu. Kichwa cha Taipu C hakitoi umeme mpaka kione rezista ndogo (kipande cha kuzuia umeme) ndani ya kifaa kinachoomba chaji, na watengenezaji wa vifaa vya bei rahisi hubana matumizi kwa kuiacha rezista hiyo. USB ya mstatili haiulizi kitu, umeme upo muda wote. Kwa hiyo usiutupe ule waya wa zamani.

Kupima kabla ya kwenda kwa fundi

Kwanza, tenga waya mmoja wa kupimia. Ule uliokuja na simu ndani ya boksi unafaa kuliko wote. Usiutumie kila siku. Uweke kabatini pamoja na kichwa chake. Usipokuwa na kitu kimoja unachokiamini, utazunguka tu, ukilaumu hiki na kile.

Pili, mulika tundu la simu kwa tochi kabla hujalaumu chochote. Simu inayokaa mfukoni hukusanya nyuzi za nguo na vumbi, na kila ukichomeka waya unazishindilia ndani kidogo. Dalili yake ni rahisi: mdomo wa waya hauingii wote, unaacha ukingo wa chuma nje, na waya unaanguka wenyewe bila ule mlio mdogo wa kukaa sawa. Zima simu, chukua kijiti cha meno cha mbao au cha plastiki, ukwangue taratibu ukingoni mwa tundu ukielekea nje. Kwenye Taipu C kuna kiulimi chembamba katikati. Huko ndiko pini zilipo, usikitekenye. Sindano na pini za hijabu ziache kabisa, zinagusanisha pini na kuchubua dhahabu yake. Nimeshaona kidonge cha uchafu kikitoka kimekakamaa, bapa kabisa kama kimebanwa kwa pasi, mwenye simu akiwa ameshakubali kulipia sistimu mpya.

Tatu, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Hapa ndipo watu wanapokosea: wanabadili waya, kichwa na soketi kwa pamoja, simu ikichaji hawajui ni kipi kilichosaidia. Anza na soketi. Chomeka kitu kingine uone kama umeme upo. Kisha acha kichwa chako, weka waya wa kupimia. Ikichaji, waya wako ndio mgonjwa. Isipochaji, rudisha waya wako na ubadili kichwa. Ikigoma tena, jaribu simu ya kuazima kwenye waya na kichwa hivyo hivyo. Simu ya pili ikichaji na yako isichaji, hapo una haki ya kwenda kwa fundi, na utakwenda ukijua cha kumwambia.

Nne, shika waya ukiwa unachaji, uukunje polepole shingoni, pale waya unapoingia kwenye mdomo. Fanya hivyo pande zote mbili. Alama ya chaji ikiwaka na kuzima, nyuzi za shaba ndani zimekatika na zilizobaki zinashika na kuachia. Waya wa namna hiyo usiuwekee jiwe wala usiufunge na simu kwa mpira ili "ushike". Pale zinapogusana kidogo ndipo joto linapozaliwa, na mdomo ukianza kuyeyuka unaharibu tundu la simu, ambalo ni ghali kuliko waya kumi.

Tano, kama ni Taipu C, chomoa, geuza mdomo, chomeka tena. Ikichaji upande mmoja na kugoma upande mwingine, kuna pini zilizokufa. Jaribu waya mwingine uone kama tabia inabaki: ikibaki, tatizo lipo kwenye tundu.

Mwisho wa kupima ni namba. Kwa Android ipo programu iitwayo Ampere, inayoonyesha ni miliampea ngapi zinaingia kwenye betri. Pima betri ikiwa katikati, tuseme kati ya asilimia 30 na 60, kwa sababu simu ikikaribia kujaa inapunguza kasi yenyewe. Funga programu nyingine, punguza mwanga wa kioo, subiri namba itulie, andika. Badili waya bila kubadili kichwa, andika tena. Namba yenyewe si kitu, maana kila simu inahesabu kwa namna yake. Linganisha tofauti kati ya waya na waya. Waya mmoja ukitoa 1,500 na mwingine 600 kwenye kichwa hicho hicho, huhitaji fundi akufafanulie.

Kwa nini waya mmoja una kasi na mwingine hauna

Sababu kubwa ni unene wa shaba, si unene wa plastiki. Unene huo hupimwa kwa namba za AWG, na namba ikiwa ndogo shaba ni nene. Nyaya nyingi za bei ya chini zina 28 kwa zote nne, wakati waya mzuri una 24 au chini ya hapo kwa nyekundu na nyeusi. Angalia hesabu yake. Shaba ya 28 ina ukinzani, yaani inavyouzuia umeme kupita, wa kama om 0.21 kwa mita. Waya wa mita moja umeme unakwenda mita moja na kurudi mita moja, kwa hiyo ni kama om 0.43. Ukipitisha ampea 2, unapoteza karibu volti 0.85 njiani. Kichwa kimetoa volti 5, simu imepokea 4.15. Betri ya simu inajazwa hadi volti 4.2 na zaidi, sasa hapo simu itafanya nini? Inapunguza kiasi inachovuta mpaka volti zipande. Kwa shaba ya 24 unapoteza 0.34 tu. Waya wa mita mbili unapoteza mara mbili, na hapo ndipo ule waya mrefu wa kulala nao kitandani unapokuchosha: asubuhi simu ipo asilimia 70.

Chaja za haraka zinakwepa shida hiyo kwa kupandisha volti. Zikipeleka volti 9, kupoteza 0.85 si msiba. Ila kasi hiyo hupatikana kichwa, waya na simu vikikubaliana. Mfumo wa pamoja wa kuchaji haraka kwa Taipu C unaitwa USB PD, na waya wa kawaida wa Taipu C pande zote unaruhusiwa ampea 3, yaani hadi wati 60. Kwenda juu ya hapo, hadi ampea 5, waya lazima uwe na chipu ndani ya mdomo inayojitambulisha. Kwa simu huhitaji kwenda huko, kwa laptopu huenda ukahitaji. Waya uliopimwa rasmi huandikwa 60W au 240W kwenye mdomo wake.

Kampuni kadhaa zina njia zao wenyewe. OPPO wana SuperVOOC, Huawei wana SuperCharge, na Tecno na Infinix nao wana vichwa vyao vya wati nyingi. Simu hizo zikipewa waya wa mtaani huchaji, lakini kwa mwendo wa kawaida. Ukipoteza waya wa simu ya namna hiyo, tafuta wa kampuni hiyo hiyo.

Waya feki si suala la mwendo tu. Mwaka 2015 mhandisi wa Google, Benson Leung, alianza kununua nyaya za Taipu C mtandaoni na kuzipima moja moja. Mwaka 2016 alikutana na waya uliounganishwa kinyume ndani, nyekundu ikiwa mahali pa nyeusi, na ukamwulia kompyuta yake. Waya ule kwa nje ulikuwa mzuri kama mingine.

Kununua bila kubembelezwa

Kwenye meza za Mgandini na zile za barabarani Ngamiani, mazungumzo ni haya haya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nataka waya wa Taipu C, orijino."

"Zote orijino mama, we' chagua rangi."

Hapo usichague rangi. Ushike waya mkononi kwanza. Waya wenye shaba ya kutosha una uzito. Ule mnene lakini mwepesi umejazwa plastiki. Ukunje uuachie: mgumu kama fimbo utavunjika shingoni, laini kupita kiasi mara nyingi hauna kitu ndani. Tazama mdomo wa Taipu C kwa mbele. Mzuri ni bomba moja la chuma lisilo na mshono, pini zimepangika sawa na plastiki ya ndani imenyooka. Ukiona mshono unaopitisha ukucha, uache. Shingo iwe na mpira unaopinda pamoja na waya, sio plastiki ngumu inayoishia ghafla.

Kisha omba kuujaribu papo hapo kwa simu yako, ukiwa umekwenda na kichwa chako mfukoni na programu ya Ampere imefunguliwa. Muuzaji mwenye mali nzuri hakatai. Anayekwambia "mama ukifungua umenunua" amekujibu tayari.

Chukua mfupi kadiri unavyoweza kuishi nao. Mita moja inatosha watu wengi. Soketi ikiwa mbali, ni afadhali ekstensheni nzuri ya ukutani na waya mfupi kuliko waya wa mita tatu. Waya uliosukwa kwa uzi kwa nje unapendeza na haukwanguki upesi, lakini msuko hausemi chochote kuhusu shaba iliyo ndani. Na zile zenye midomo mitatu kwa pamoja ziweke kwenye gari kwa dharura tu. Zinagawana umeme, na data mara nyingi hazipitishi.

Ukiwa na waya wa zamani uliokufa, upasue ujifunze. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: wa shaba ni mwekundu hadi ndani, wa alumini iliyopakwa shaba unaonyesha weupe. Alumini ina ukinzani zaidi ya mara moja na nusu ya shaba na hukatika upesi ikikunjwakunjwa. Ukijua sura ya waya uliokudanganya, hununui tena wa chapa hiyo.

Kuhamisha picha na video

Ukichomeka Android kwenye kompyuta, kwa kawaida inachaji tu. Fungua kioo cha simu, shusha pazia la arifa, gusa palipoandikwa kuhusu USB, chagua kuhamisha faili. iPhone itakuuliza kama unaiamini kompyuta. Kubali ukiwa na uhakika nayo ni ya nani. Isipotokea arifa yoyote na chaji inaingia, huenda waya wako ni wa nyaya mbili. Badili.

Kuhusu kasi, usidhani Taipu C maana yake ni haraka. Nyaya nyingi za Taipu C, hata zinazokuja na simu za bei, ni za USB 2.0, ambayo kwa matumizi halisi hupitisha kama megabaiti 30 hadi 40 kwa sekunde. Video ya harusi yenye gigabaiti 10 itachukua dakika kama tano. Kwa mpiga picha wa harusi anayefanya hivyo kila Jumapili, waya wa gigabiti 5 au 10 kwa sekunde una maana, mradi simu na kompyuta nazo ziwe za mwendo huo. Kwa mwingine yeyote ni kupoteza hela.

Chumvi, jasho na masika

Hapa ndipo waya wa Tanga unapotofautiana na wa Lushoto. Upepo wa baharini unabeba chumvi, na chumvi inavuta unyevu. Ukikaa Raskazone, Sahare au karibu na Deep Sea, tazama mdomo wa waya uliokaa miezi kadhaa: utaona ukijani au weusi kwenye pini. Wavuvi na wanaosafiri na majahazi kwenda Pemba wanalijua hili kuliko mimi.

Unyevu peke yake huharibu polepole. Unyevu ukikutana na umeme, pini zinaliwa kwa siku chache, hasa ile inayobeba volti 5. Na kumbuka nilivyosema: USB ya mstatili inatoa umeme muda wote, hata simu isipokuwepo. Kwa hiyo tabia ya kuacha waya ukining'inia kwenye soketi iliyowashwa, mdomo ukiwa chini kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki, ndiyo inayoua nyaya nyingi za mjini hapa. Zima soketi, au chomoa. Kama kuna mtoto anayetambaa, hilo si la hiari tena. Watoto hutia mdomo wa waya kinywani, na volti 5 na mate zinatosha kumuunguza ulimi.

Simu ikionyesha onyo la unyevu kwenye tundu, usilazimishe. Chomoa waya, elekeza tundu chini, igonge taratibu kwenye kiganja, iache kwenye upepo kwa nusu saa au zaidi. Usiweke kwenye mchele: Apple wenyewe walionya mwaka 2024 kwamba chembe zake zinaweza kuingia na kuharibu tundu. Ikiwa ni maji ya bahari, ukikausha tu chumvi inabaki ndani. Hapo mpelekee fundi aisafishe, na usiichaji njiani.

Mdomo wa waya ulioanza kijani usafishe ukiwa umechomolewa kila mahali. Mswaki mkavu laini kwanza, kisha pamba ya masikio iliyoloweshwa kidogo kwa alkoholi ya isopropili, halafu uache ukauke kabisa. Ukijani ukirudi baada ya wiki, dhahabu ya juu imeshakwisha, tupa.

Mengineyo ni adabu ya kawaida. Chomoa kwa kushika mdomo, si kwa kuvuta waya. Usiegemeze simu tumboni juu ya mdomo wa waya huku ukitazama mpira. Ukunje kwa duara pana, usiuzungushe kwa nguvu kwenye kichwa. Ile springi ya kalamu inayovishwa shingoni naiona haina ubaya, ila inahamisha mkunjo kutoka shingoni kwenda mwisho wa springi, basi.

Ukichaji nje ya nyumba

Kwenye vibanda vya kuchajia huko Pangani, Muheza na Mkinga, nenda na kichwa chako na waya wako, na izime simu ukiiacha. Simu ikiulizwa ruhusa ya data na kifaa usichokijua, kataa. FBI, shirika la upelelezi la Marekani, mwaka 2023 liliwaonya watu kwamba vituo vya USB vya hadharani vinaweza kutumika kuingiza programu mbaya kwenye simu, na hapo ndipo ule waya wa nyaya mbili unapopata heshima: data haina pa kupita. Kwenye bodaboda, tundu la USB lisilozuia maji ni la kiangazi tu.

Kuunga waya uliokatwa

Kama umekatika shingoni, sahau. Mdomo umemiminiwa plastiki na hauunganiki kwa namna inayodumu. Lakini kama panya amekula katikati, au mguu wa kiti umeukata, unaungika.

Chomoa kila upande. Kata sehemu iliyoumia, kisha vua ganda la nje kama sentimita nne kila upande. Rangi zioanishe, ila usiziamini: nyaya za mtaani huwa na rangi za ajabu. Kama una multimita (kipima umeme), iweke kwenye mlio uone ni uzi upi unaounganika na pini ipi ya mdomo. Nyuzi zikiwa na rangi ya kung'aa kama za eafoni, zimepakwa vanishi. Zikwangue au zichome kidogo, la sivyo hazitashika. Kata nyaya ndogo kwa urefu tofauti ili viungo visikae sambamba. Sokota, tia lehemu, funga kila kiungo peke yake kwa teipu nyeusi ya umeme, kisha vyote kwa pamoja. Seloteipu ya vitabu haifai hapa. Kama ndani kuna nyaya zaidi ya nne nyembamba kama nywele, ni waya wa data ya kasi. Utatumia saa nzima na hautarudi ulivyokuwa.

Ukimaliza, chomeka kwenye kichwa kidogo cha kawaida, si kile cha haraka, na kwa dakika kumi za mwanzo shika kiungo kwa vidole. Kikiwa cha uvuguvugu tu, utumie kwa redio na tochi. Kikichoma, kata vipande viwili kabla hujautupa, asije mtu akauokota.